Kadi ya michoro ya nje: Je, yaweza kuipa nguvu kompyuta mpakato?

Mwanafunzi anayeishi katika chumba cha kupanga mjini Leeds, au fundi anayehama kutoka Muscat kwenda Dubai mkataba mmoja unapokwisha na mwingine kuanza, aghalabu hana nafasi ya kuweka kompyuta kubwa ya mezani. Alicho nacho ni kompyuta mpakato, ile ambayo wengi huiita laptopu. Ndiyo ya masomo, ndiyo ya kuzungumza na jamaa nyumbani, na usiku ndiyo ya michezo.

Tatizo huanza kwenye michezo. Ile mipya, yenye michoro mizito, huifanya kompyuta ya namna hiyo ipate moto, feni zivume na picha zikwamekwame.

Miongoni mwa tiba zinazouzwa madukani ni kadi ya michoro ya nje. Hii ni kadi kamili, ya aina inayofungwa ndani ya kompyuta ya mezani, iliyowekwa katika kasha lenye umeme na feni zake, kisha ikaunganishwa na kompyuta mpakato kwa waya mmoja.

Wauzaji huahidi kwamba waya huo utaigeuza kompyuta nyepesi kuwa mtambo wa michezo. Ahadi hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Mnunuzi asiyefahamu mipaka ya waya wenyewe aweza kulipa fedha nyingi na kupata kidogo kuliko alivyotarajia.

Kwa nini kompyuta mpakato hulemewa

Ndani ya kila kompyuta mna prosesa kuu, ambayo huendesha shughuli zote kwa jumla. Kazi ya kuchora picha hupewa chombo kingine, yaani kadi ya michoro, chenye uwezo wa kufanya maelfu ya hesabu nyepesi kwa wakati mmoja.

Uzito wa kazi hiyo si mdogo. Skrini ya kawaida yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu ina nukta zaidi ya milioni 2. Ili mchezo uonekane laini, picha hupaswa kuchorwa upya walau mara 60 kila sekunde. Hizo ni nukta zaidi ya milioni 124 kwa sekunde moja, na kila moja lazima ijulikane rangi, mwanga na kivuli chake.

Kazi kubwa hutaka umeme mwingi, na umeme mwingi huzaa joto. Kadi ya GeForce RTX 4060 ya kompyuta ya mezani, ambayo si kubwa katika jamii yake, imewekewa kiwango cha wati 115. RTX 4090 imewekewa wati 450. Kwa upande mwingine, kompyuta mpakato nyingi nyembamba huja na chaja ya wati 65, nayo ndiyo inayotegemewa na skrini, prosesa na vyote vilivyomo.

Kwa hiyo si uzembe wa watengenezaji. Mwili mwembamba hauna mahali pa kupitisha umeme huo wala pa kutolea joto lake. Ndipo likaja wazo la kuiweka kadi nje.

Wazo la zamani, njia mpya

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 2007 kampuni ya ASUS ilionyesha kifaa kilichoitwa XG Station, na mwaka 2008 kampuni ya AMD ikatangaza mfumo wake uliojulikana kama XGP. Vyote viwili havikupata soko kubwa. Njia za kupitishia data zilikuwa finyu, au zilihitaji tundu maalumu ambalo kompyuta nyingi hazikuwa nalo.

Mabadiliko yalianza mwaka 2011, pale Intel ikishirikiana na Apple ilipoleta sokoni njia ya Thunderbolt, yenye kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde. Mwaka 2013 kasi hiyo iliongezeka hadi 20. Mwaka 2015 kikatangazwa kizazi cha tatu chenye gigabiti 40, nacho kikatumia tundu dogo la umbo la USB-C ambalo leo limeenea kote.

Machi 2016, kampuni ya Razer ilitangaza bei ya kasha lake la Core kuwa dola 499, tena likiwa tupu, bila kadi. Kwa kulinganisha, mashine ya PlayStation 4 ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2013 iliuzwa kwa dola 399, ikiwa kamili na tayari kwa kuchezewa.

Tofauti hiyo ya bei yafaa kukumbukwa, kwani ndipo ulipo mtihani wa jambo zima.

Bandari kubwa, barabara moja

Ndani ya kompyuta ya mezani, kadi ya michoro huchomekwa moja kwa moja katika ubao mkuu kwa mfumo uitwao PCI Express. Mfumo huo umegawanywa katika njia, na tundu kubwa la kadi huwa na njia 16. Katika kizazi cha nne cha mfumo huo, njia 16 hubeba takriban gigabiti 256 kwa sekunde kila upande.

Waya wa Thunderbolt wa kizazi cha tatu au cha nne hubeba gigabiti 40. Hata hizo zote si za kadi, kwa kuwa waya huohuo hutengewa pia nafasi ya skrini na vifaa vingine. Kinachobaki kwa mawasiliano ya kadi hakizidi gigabiti 32, na katika matumizi halisi mara nyingi huwa pungufu ya hapo.

Ni mfano wa bandari yenye gati pana na winchi imara, lakini yenye barabara moja tu ya kutokea. Meli zitapakuliwa haraka, ila shehena itasubiri malori. Kuongeza winchi hakutasaidia ikiwa barabara ni ileile.

Ndiyo sababu kadi ileile hutoa picha chache kwa sekunde ikiwa ndani ya kasha kuliko ikiwa ndani ya kompyuta ya mezani. Pengo hilo hutofautiana kwa mchezo na mchezo, na huelekea kuwa kubwa zaidi kwa kadi za bei ya juu. Kununua kadi ghali kuliko zote kwa ajili ya waya finyu ni kulipia nguvu isiyoweza kutumika yote.

Lipo jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Mara nyingi hasara hiyo hupungua pale picha inapokuwa kubwa na yenye nukta nyingi. Kisa ni kwamba kadi hutumia muda mrefu zaidi kuchora kila picha, hivyo idadi ya safari katika waya hupungua. Mchezaji anayetaka picha 144 au zaidi kwa sekunde katika michezo ya mashindano ndiye huumizwa zaidi na ufinyu wa njia.

Skrini nayo ni hoja

Picha ikishachorwa ndani ya kasha, ina njia mbili za kwenda. Yaweza kupelekwa katika skrini ya nje iliyochomekwa kwenye kadi yenyewe, au irudishwe kupitia waya uleule hadi kwenye skrini ya kompyuta mpakato.

Njia ya pili ina gharama. Picha moja ya nukta 1920 kwa 1080, kwa kuhesabu baiti 3 tu kwa kila nukta, ni megabaiti 6 na ushei. Mara 60 kwa sekunde, hiyo ni karibu gigabiti 3 zinazopaswa kusafiri na kunakiliwa upya kila sekunde. Matokeo yake ni kasi ndogo zaidi na kuchelewa kidogo kwa kila tendo la mchezaji.

Kwa hiyo anayepanga bajeti ya kasha na kadi, ni vyema aitie na skrini katika hesabu tangu mwanzo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

La kwanza ni tundu. Umbo la USB-C peke yake si ushahidi. Matundu mengi ya umbo hilo hayapitishi PCI Express hata kidogo. Alama ya radi kando ya tundu huashiria Thunderbolt, ingawa uthibitisho wa kweli hupatikana katika kitabu cha maelezo cha kompyuta. Baadhi ya kompyuta zenye USB4 zaweza pia kufanya kazi hiyo, lakini si zote.

Hata Thunderbolt yenyewe hutofautiana. Zipo kompyuta za katikati ya miaka ya 2010 ambazo tundu lake liliunganishwa kwa njia 2 za PCI Express badala ya 4, na hivyo uwezo wake ni nusu.

La pili ni prosesa. Kadi ya nje haiongezi nguvu za prosesa kuu. Ikiwa prosesa ni dhaifu na tayari imelemewa, mchezo utaendelea kukwama hata kadi ikiwa ya hali ya juu.

La tatu ni kasha na kadi yenyewe. Kadi za siku hizi ni ndefu na nene, na nyingine haziingii katika makasha ya zamani. Aidha umeme wa kasha lazima utoshe mahitaji ya kadi, na usalie wa kuichaji kompyuta ikiwa kasha lina huduma hiyo.

La nne ni mfumo endeshi. Apple ilitoa msaada rasmi wa kadi za nje Machi 2018, kwa kadi za AMD na kwa kompyuta zake zenye prosesa za Intel. Kompyuta za Apple zenye prosesa za kampuni hiyo yenyewe, zilizoanza kuuzwa Novemba 2020, hazikupewa msaada huo. Mwenye mojawapo ya hizo anayetaka kucheza hana sababu ya kununua kasha.

La mwisho ni waya. Nyaya mbili zaweza kufanana kama pacha, moja ikiwa ya gigabiti 40 na nyingine ikiwa ya kuchajia simu tu. Ulio salama ni ule uliokuja na kasha.

Kuunganisha na kuondoa

Utaratibu wa kawaida katika mfumo wa Windows si mgumu. Kasha huwashwa, waya huchomekwa, na kompyuta ikiuliza kama kifaa kiruhusiwe, hupewa ruhusa. Kisha huwekwa programu ya kuiongoza kadi kutoka kwa mtengenezaji wake, na kompyuta huzimwa na kuwashwa upya.

Kuondoa ndiko kunakohitaji uangalifu. Kuchomoa waya wakati mchezo unaendelea kwaweza kuigandisha kompyuta na kupoteza kazi ambayo haijahifadhiwa. Yapasa kufunga programu zote, kuiagiza kompyuta iachane na kadi, ndipo waya uchomolewe.

Joto nalo si la kupuuzwa. Katika miji ya Ghuba, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, kasha lililowekwa kwenye kabati au chumba kisicho na kipozahewa litapunguza kasi ili kujilinda. Liwekwe mahali pa wazi, penye kupitisha hewa.

Anayehama kutoka Marekani, yenye umeme wa volti 120, kwenda Uingereza, Oman au Afrika Mashariki, ambako ni kati ya 230 na 240, asome kwanza maandishi yaliyo kwenye kasha. Yakitaja volti 100 hadi 240, kitakachobadilishwa ni waya wa ukutani tu.

Njia zinapanuka

Thunderbolt 5, iliyotangazwa mwaka 2023, imepandisha kasi hadi gigabiti 80 kila upande, na sehemu iliyo wazi kwa PCI Express imefika 64. Njia nyingine iitwayo OCuLink hutoa kiasi hichohicho na hupendwa kwa sababu haina wapatanishi wengi kati ya kadi na prosesa. Hata hivyo waya wake hauchaji kompyuta, nayo hupatikana katika kompyuta chache.

Maendeleo hayo yanapunguza pengo, ila hayajalifuta. Wala hayamsaidii mwenye kompyuta ya zamani, kwani tundu haliwezi kuongezwa kasi kwa programu.

Nani atafaidika?

Hesabu ya mwisho hutegemea maisha ya mtu kuliko takwimu za kadi. Mwenye kompyuta mpakato nzuri yenye prosesa imara na tundu sahihi, anayehitaji wepesi mchana na nguvu usiku, atapata faida ya kweli. Akirudi nyumbani, waya mmoja humpa skrini, chaji na michezo.

Aliye na kompyuta dhaifu, akidhani kasha litaifufua, yafaa asite. Kwa jumla ya bei ya kasha, kadi na skrini, mara nyingi hupatikana kompyuta ya mezani iliyotumika, au mashine ya michezo, itakayotoa picha bora zaidi bila ya usumbufu wa waya.

Na kwa anayejua kwamba mwakani atahama tena na mizigo miwili tu, uzito wa kasha nao uingizwe katika hesabu. Kadi yaweza kuuzwa na kununuliwa nyingine. Kompyuta yenye tundu sahihi ndiyo ya kuchaguliwa kwanza, kwa maana ndiyo itakayosafiri naye.