Sanaa na Safari katika Kuchangia Pwani

Fedha za kutunza pwani hupatikana kwa shida kwa sababu wengi wanaofaidika na kazi hiyo hawaioni. Mikoko ya Gazi, kusini mwa Mombasa, hulea samaki ambao wataliwa mbali na hapo. Kasa anayetaga mayai Watamu huenda akamaliza miaka mingi katika maji ya nchi nyingine kabla ya kurudi. Wenyeji wanaookota taka ufukoni, kulinda viota na kupanda miche kwenye tope wanabeba mzigo wa watu wengi, na mara nyingi mifuko yao haina cha ziada. Anayetaka kuchangisha fedha kwa ajili ya bahari hana budi kumfikia mtu aliye mbali na maji, kisha kumfanya aone kwamba jambo hilo linamhusu. Kwa zaidi ya karne moja njia mbili zimefanya kazi hiyo vizuri: kumwonyesha mtu huyo kitu kilichoundwa kwa ustadi, na kumpa msafiri wa kumfuatilia.

Mfano wa zamani unaoeleweka kwa urahisi unatoka Uingereza. Usiku wa tarehe 9 Desemba 1886, meli ya Kijerumani iitwayo Mexico ilikwama kwenye mchanga karibu na Southport, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo. Boti tatu za uokoaji zilitoka kwa makasia katikati ya dhoruba. Moja iliwaokoa mabaharia wote 12. Mbili zilipinduka, na wapiga makasia 27 wakafa, wengi wao wavuvi walioacha wajane na watoto. Michango kwa familia hizo ilimiminika, lakini msiba huo ulifichua tatizo jingine. RNLI, taasisi iliyokuwa ikiendesha boti za uokoaji tangu 1824, ilitegemea matajiri wachache. Charles Macara, mfanyabiashara wa pamba aliyeishi karibu na eneo la ajali, aliona kwamba mamilioni ya wafanyakazi wa viwandani hawakuwa wamewahi kuombwa hata senti.

Mwaka 1891 Macara na wenzake walizipeleka boti zenyewe Manchester, jiji lisilo na ufuko. Zilipitishwa mitaani katika maandamano yenye bendi za muziki na magari yaliyopambwa. Wachangishaji walibeba mifuko iliyofungwa kwenye miti mirefu ili waliokuwa kwenye madirisha ya juu na kwenye ghorofa za tramu waweze kutumbukiza sarafu. Siku hiyo moja ilileta zaidi ya pauni 5,000, kiasi kikubwa mno kwa wakati huo, na miji mingine ikaiga. Watu hawakuhitaji hotuba ndefu. Waliiona boti kwa macho yao, wakawaona wanaume wanaoiendesha, wakaelewa. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba siku hiyo iliingia katika kalenda ikawa ya kila mwaka. Hapo ndipo michango mingi ya pwani inapokwama: onyesho moja huleta fedha za mara moja, ilhali ufuko una gharama za kila mwezi.

Sanaa huleta fedha kwa njia kadhaa, na kila njia ina hesabu yake. Iliyo nyepesi kuliko zote ni kuuza kazi yenyewe. Nchini Kenya, karakana ya Ocean Sole huchonga twiga, tembo, kasa na papa kutokana na ndara zilizosombwa na mawimbi hadi ufukoni. Wazo hilo lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Kiwayu, karibu na mpaka wa Somalia, ambako Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi ya hifadhi ya bahari, aliwaona watoto wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa ndara zilizookotwa. Wanawake wa huko walihimizwa kuzikusanya, kuziosha na kuzikata. Katika mpango kama huu mnunuzi hatoi sadaka, ananunua mchongo anaoupenda, na bei yake inamlipa anayeokota, anayeosha na anayechonga. Kadiri michongo inavyouzwa ndivyo ufuko unavyopungukiwa na taka. Si kila sanaa ina bahati ya kuunganika na chanzo chake kwa karibu hivyo. Picha ya machweo ikiuzwa kwa ajili ya matumbawe, mnunuzi hana budi kuelezwa fedha zinakwenda wapi, na maelezo hayo yakiwa dhaifu anabaki na picha tu.

Njia ya pili ni kuifunga sanaa kwenye malipo ambayo watu wangeyafanya kwa vyovyote. Marekani ilianza kufanya hivyo mwaka 1934, wakati ukame na ukaushaji wa maeneo oevu ulipokuwa umepunguza sana bata wa porini. Sheria ilimtaka kila mwindaji wa ndege hao mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anunue stempu ya dola moja. Stempu ya kwanza ilichorwa na Jay Darling, mchora katuni wa magazeti aliyekuwa akiongoza idara ya wanyamapori ya serikali. Tangu 1949 picha ya stempu hupatikana kwa mashindano ya kila mwaka yaliyo wazi kwa wasanii. Mshindi halipwi fedha na serikali. Hupewa karatasi ya stempu zenye picha yake, lakini anaruhusiwa kuuza nakala za mchoro wake, na jina lake hujulikana nchi nzima. Leo stempu hiyo huuzwa dola 25, na senti 98 za kila dola hutumika kununua au kukodi makazi ya ndege, vikiwemo vinamasi vya pwani. Jumla imepita dola bilioni 1.1, na takriban ekari milioni 6 zimehifadhiwa. Wapo wasiowinda kabisa ambao hununua stempu hiyo kwa sababu ya uzuri wake. Hakuna tamasha wala mnada unaoweza kufikia kiasi hicho, kwa sababu stempu huisha muda na hununuliwa upya kila mwaka.

California ilifuata mkondo huo mwaka 1997 kwa namba za magari zenye mkia wa nyangumi. Dereva anayeichagua namba hiyo hulipa ziada, na sehemu ya ziada hiyo huenda kwenye elimu ya bahari na usafi wa fukwe. Picha ya awali ilitokana na kazi ya Wyland, msanii anayejulikana kwa kuchora nyangumi wakubwa kwenye kuta za majengo. Miaka kadhaa baadaye aliomba sehemu ya mapato iende kwa wakfu wake wa kuhifadhi bahari. Tume ya Pwani ya California ilikataa, pande mbili hazikuelewana, na kufikia 2011 namba mpya zilikuwa na picha ya wasanii wengine. Haifai kuutazama mgogoro huo kwa kutafuta mwovu. Pande zote zilitaka bahari itunzwe. Lililokosekana ni maelewano ya kudumu kuhusu nani ana haki gani iwapo picha itafanikiwa kupita matarajio. Msanii anayetoa kazi yake kwa ajili ya pwani anastahili mkataba ulioandikwa: ametoa mchoro wenyewe, au matumizi yake kwa muda fulani? Nakala zitauzwa na nani? Mrabaha upo? Maswali hayo huonekana ya uchoyo siku ya kwanza, na ndiyo yanayolinda urafiki miaka 10 baadaye.

Kuna wakati sanaa hailipii pwani moja kwa moja, inalipia safari itakayoitetea. Mwaka 1970, huko Vancouver nchini Kanada, kikundi kidogo cha wanaharakati kilikuwa kikipinga majaribio ya mabomu ya nyuklia ambayo Marekani iliyafanya chini ya kisiwa cha Amchitka, Alaska. Watu wa pwani waliogopa tetemeko na tsunami, na hata jina la kwanza la kikundi hicho lilitokana na hofu ya wimbi hilo. Mmoja wao, Irving Stowe, aliandaa tamasha tarehe 16 Oktoba 1970. Joni Mitchell, James Taylor na Phil Ochs waliimba. Joan Baez, ambaye hakuweza kufika, alituma hundi ya dola 1,000. Takriban dola 17,000 zilizopatikana zilisaidia kukodi mashua ya uvuvi, Phyllis Cormack, iliyong'oa nanga Septemba 1971 kuelekea Amchitka. Haikufika, kwa kuwa walinzi wa pwani wa Marekani waliizuia njiani, na bomu likalipuliwa tarehe 6 Novemba. Hata hivyo habari za safari zilikuwa zimeenea, na mwaka uliofuata Marekani ilitangaza kuacha majaribio kisiwani hapo. Kikundi hicho kikawa Greenpeace. Kwa kipimo cha nauli na mafuta, safari ilishindwa. Kwa kipimo cha lengo, ni vigumu kupata tamasha lililozaa matunda mengi kuliko lile.

Safari ya mtu binafsi ina utaratibu tofauti. Mtu hutangaza kwamba atatembea pwani nzima, ataogelea mlango wa bahari au atavuka Atlantiki kwa makasia, na wengine huahidi kiasi fulani kwa kila kilomita au mchango wa jumla. Wales, iliyofungua njia ya miguu ya takriban kilomita 1,400 kandokando ya pwani yake mwaka 2012, huwapata wasafiri wa aina hiyo kila mara. Wachangiaji huvutwa na mambo mawili. La kwanza ni tabu: anayekubali kuteseka miezi miwili anaonekana kuamini anachokisema. La pili ni kwamba safari ina mwanzo, mwisho na habari ya kila siku, hivyo ombi linarudiwa bila kuchosha.

Afrika Mashariki inalifahamu jambo hilo, ingawa zaidi kwa upande wa bara. Tangu 2002, GGM Kili Challenge imewapandisha watu Mlima Kilimanjaro ili kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI nchini Tanzania. Kenya ina Rhino Charge, mashindano ya magari porini yaliyoanza 1989, ambamo timu hutafuta michango kabla ya kushindana. Fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa umeme kuuzunguka msitu wa Aberdare, takriban kilomita 400, uliokamilika 2009. Wachangiaji walirudi kwa miaka 20 kwa sababu kila mwaka waliweza kuambiwa uzio umefika wapi. Pwani inaweza kupimwa vivyo hivyo kwa hekta za mikoko au viota vilivyolindwa. Anayechangisha kwa ajili ya "bahari" kwa ujumla amejinyima kipimo hicho.

Safari ndefu hula fedha nyingi kabla haijaanza. Anayevuka Atlantiki kutoka kisiwa cha La Gomera hadi Antigua, umbali wa karibu kilomita 4,800, anahitaji chombo, vifaa vya mawasiliano, chakula cha wiki nyingi, mafunzo ya usalama, bima na ada. Haki kwa wachangiaji ni kutenganisha mifuko miwili tangu mwanzo: wadhamini wa kibiashara au msafiri mwenyewe walipe safari, na mchango wa umma uende wote kwenye lengo. Mchangiaji anayetoa shilingi 500 kwa ajili ya kasa hapaswi kugundua kwamba amenunua tiketi ya ndege. Usalama nao ni sehemu ya maadili. Msafiri anayetoka bila maandalizi akapatwa na dhoruba huokolewa na wavuvi na watu wa kujitolea wa pwani ileile aliyotaka kuisaidia, nao huhatarisha maisha yao.

Sanaa na safari zilikutana katika chombo kimoja huko Lamu. Flipflopi ni jahazi la mita 9 lililoundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, na kufunikwa kwa ndara 30,000 za rangi mbalimbali. Wazo lilikuwa la Ben Morison, na fundi mkuu alikuwa Ali Skanda wa Lamu. Plastiki iliyeyushwa ikatolewa vipande vya mkuku, mataruma na mbao za ubavuni, kisha mafundi wakavichonga na kuviunga kama wanavyofanya kwa mbao. Hilo ni jambo la kustaajabisha, na ni heshima kubwa kwa elimu ya uundaji vyombo ambayo haikuandikwa vitabuni, hupokezanwa mikononi. Jahazi liliteremshwa majini Septemba 2018. Mwanzoni mwa 2019, kwa ushirikiano na kampeni ya Bahari Safi ya Umoja wa Mataifa, lilisafiri karibu kilomita 500 hadi Zanzibar, likitia nanga njiani kuzungumza na wanafunzi, wavuvi, wenye hoteli na viongozi. Mwaka 2021 lilizunguka Ziwa Victoria, kupitia Kenya, Uganda na Tanzania.

Mtoto anayepanda chombo hicho hahitaji kueleweshwa kwamba plastiki haiozi, anaikanyaga. Lakini waandaaji walifanya uamuzi mwingine wa busara: hawakuishia kwenye safari. Huko Lamu mradi umeendelea kwa kukusanya na kuchakata plastiki, na kwa kuwafundisha vijana ufundi wa vyombo na samani. Msisimko wa safari hupoa upesi. Karakana huendelea kununua taka na kulipa mishahara.

Kwa vikundi vidogo vya pwani, mipango ya aina hii haihitaji chombo kikubwa. Mashindano ya mashua ya Lamu tayari yana umati, fahari na ufundi; kinachoweza kuongezwa ni ahadi ya kila tajiri wa chombo, au mnada wa tanga lililochorwa na wasanii wa mji. Kabla ya lolote kutangazwa, kikundi kinapaswa kujua gharama yake ya mwaka. Local Ocean Conservation ya Watamu ni mfano mzuri wa gharama zisizokatika: mvuvi aliyenasa kasa wavuni kwa bahati mbaya hupiga simu, wahudumu huenda kumchukua kasa huyo, na mvuvi hupewa kiasi kidogo cha kufidia muda na usumbufu. Simu hizo huingia msimu wa watalii na nje ya msimu. Onyesho la picha likifanyika Agosti, hesabu yake itaje fedha zilizoingia, gharama za fremu, usafiri na ukumbi, sehemu ya msanii, kiasi kilichobaki na miezi ambayo kiasi hicho kitatosha kulipia simu hizo. Hesabu hiyo ibandikwe hadharani, Kiswahili kwa wenyeji na lugha nyingine kwa wageni, kabla ya onyesho linalofuata kutangazwa.