Harufu ya klorini na nesi asiyelala

Kila nikiandika kuhusu kipindupindu, maswali kutoka Kibondo na Kasulu huhusu zaidi wauguzi kuliko wagonjwa. Kwa mfano: mume ni nesi, usiku akiwa usingizini anapapasa mkono wa mkewe akitafuta mshipa wa kuwekea dripu. Je, amerogwa?

Hajarogwa; anakumbuka mlipuko aliouhudumia. Mei 2015 Warundi waliokimbia ghasia za muhula wa tatu wa aliyekuwa Rais wa Burundi, Pierre Nkurunziza, walirundikana Kagunga, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikalipuka: mwezi huohuo wagonjwa wakafika 3,000 hivi, waliokufa wakazidi 30. Meli ya MV Liemba ikawasafirisha wakimbizi hadi mjini Kigoma, mabasi yakawapandisha kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Oktoba ikafunguliwa tena kambi ya Nduta, Kibondo. Baadhi ya wahudumu wa afya kambini ni wakimbizi wenyewe. Mhudumu wa namna hiyo akitoka zamu, anarudi kambini humohumo na msiba wake mwenyewe.

Hapa ndipo ubongo unaponishangaza. Hatari ikija, homoni ya noradrenalini humwagika, na sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hunasa harufu, sauti na rangi na kuzikaza. Jirani yake hipokampasi, ambayo hulipa tukio mahali na wakati wake, huzidiwa na homoni za hofu. Kumbukumbu inabaki kali lakini haina tarehe. Miaka kadhaa baadaye mfanya usafi anamwaga klorini kwenye korido, harufu ileile ya siku za kipindupindu, na moyo wa nesi unakimbia kabla hajajua kwa nini. Kwa mwili wake, bado ni Mei 2015. Watafiti wengi wanaona kwamba usingizi wa ndoto ndio unaoipunguza makali kumbukumbu ya namna hii, na zamu za usiku mfululizo huuvuruga usingizi huo.

Sasa aje muuza dawa wa stendi na chupa yake ya “kusafisha mishipa ya fahamu”. Mishipa ya fahamu si bomba la maji, bwana! Na wanaosema “nesi ameshazoea maiti” wajue kwamba kuzoea kufanya kazi hakumzuii mtu kuumia.

Wenye koti jeupe nao wasicheke. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa ya kutuliza ya diazepamu na ndugu zake zisitumike kutibu kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Kumkalisha mhudumu mara moja tu asimulie yote nako, kwa mujibu wa mapitio ya tafiti ya Cochrane, hakuzuii kiwewe, na huenda kukawadhuru baadhi.

Ushauri, haraka haraka: zamu za usiku zipishane, likizo itolewe, mgeni apangwe na mzoefu, anayetaka kusema asikilizwe na asiyetaka aachwe. Dalili zikipita mwezi, aonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Tiba ya mazungumzo ya wiki kadhaa inasaidia. Na yule aliyeuliza kama bia mbili za kuletea usingizi zina ubaya: zinao, pombe huukata usingizi wa ndoto uleule anaouhitaji.