Luksi 120 za Kamera, 1,000 za Muuguzi

Msichana anafikishwa wodini usiku, damu inamtoka, mama yake hajamwachia mkono. Anayeandika filamu fupi ya Tarime au Serengeti hufika kwenye tukio hilo mapema. Desemba ndiyo msimu wa ukeketaji huku, na wasichana wanaoukimbia ndio waliofuatiliwa mjini Mugumu, Serengeti, katika In the Name of Your Daughter, filamu ya mwaka 2018.

Swali la kwanza la mwenye fedha ni taa shilingi ngapi. Mimi huanza na kamera inataka mwanga kiasi gani. Ukiweka ISO 800, tundu la lenzi f/2.8 na shata ya sehemu ya 50 ya sekunde, luksi 120 hivi zinatosha. Wodi kwa kawaida hushauriwa iwe na luksi 100. Kwa hiyo mwanga karibu wote umeshapatikana. Fedha na jasho vinakwenda kwenye kuuzuia.

Jua la nje hufika luksi 100,000, zaidi ya mara 800 ya tunachohitaji, na dirisha likiingia kwenye picha linageuka karatasi nyeupe. Hata hivyo Tarime na Mugumu ziko kati ya nyuzi 1 na 2 kusini ya Ikweta, na ziko mbali magharibi ya mstari unaopangia saa za nchi, hivyo jua hufika juu kabisa karibu saa 6:40 mchana. Kuanzia saa 5 hadi saa 8 na nusu paa linalikinga, na sakafuni hakuna mwale unaotambaa kati ya picha moja na nyingine. Matukio ya mchana yapigwe hapo.

Usiku unaweza kutengenezwa mchana kwa kaniki. Madirisha 8 ya mita 1.5 kwa 1.2 ni mita za mraba 14.4, nunua 20, maana kingo lazima zipishane.

Hapa ndipo moyo wangu unaposita. Muuguzi anayetafuta mshipa wa mtoto anahitaji luksi 1,000, mara nane ya kamera. Ukiziba madirisha ya wodi yenye wagonjwa, umechukua mwanga wake. Mwombe Mganga Mfawidhi chumba kitupu, hata kama ni kidogo na rangi imebanduka. Kibali cha Bodi ya Filamu, kinachotokana na sheria ya mwaka 1976, hakikupi wodi ya watu.

Umeme nao una hesabu yake. Taa mbili za kizamani za wati 2,000 zinavuta ampea 17 kwenye volti 230, wakati soketi ni ya ampea 13. Taa za LED, mbili za wati 200 na moja ya 60, zinavuta ampea 2 tu. Kwa saa 10 hizo ni uniti 4.6, yaani kama shilingi 1,640 za Luku. Zile za kizamani zingekula uniti 40, zaidi ya shilingi 14,000. Kinachonitisha si bei. Mashine ya oksijeni ya lita 5 hutumia wati 350 hivi, na ikiwa iko kwenye laini moja na taa zako, brekari ikikata umekata pumzi ya mtu. Njoo na jenereta yako hata kama Tanesco ipo. Iweke mita 40 badala ya 10, kelele itashuka desibeli 12. Waya wa mita 50 wa milimita za mraba 2.5 kwa ampea 2 hupoteza chini ya volti 2.

Sasa rudi kitandani. Taa inayotoa luksi 2,000 kwa mita 1 hutoa 500 kwa mita 2, na 125 kwa mita 4. Taa moja inatosha, ila kuna chandarua. Taa ikitokea upande wa kamera, nyuzi zake zinawaka na uso wa msichana unapotea nyuma ya pazia jeupe. Ihamishie ng'ambo ya kitanda, nao wavu ulio mbele ya kamera unafifia kama moshi, na kidole cha mama kinachopangusa paji la uso kinaonekana.