Intaneti ya Nyumbani Uingereza: Bado Ulipie Simu ya Mezani?

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye huduma kwa wateja katika kampuni ya simu, na Waswahili wenzangu hapa Reading wanalijua hilo. Ndiyo maana huniletea bili zao za intaneti tuzisome pamoja. Mara nyingi kidole huishia kwenye mstari uleule, ule wa simu ya mezani. "Mwanangu," aliniambia bibi mmoja mwenyeji wa Pangani, "simu hii haijalia tangu Idi. Watoto wote wananipata WhatsApp. Nikiikata, na intaneti itakatika?"

Katika nyumba nyingi za Uingereza leo, jibu ni hapana. Intaneti inapatikana bila kununua huduma ya simu. Lakini kabla ya kupiga simu kukata laini, kuna mambo ya kuangalia, na moja linahusu uhai wa mtu.

Waya mmoja, kazi mbili

Kwa miongo mingi nyumba za Uingereza zimeunganishwa na kituo cha simu cha mtaa kwa nyaya mbili nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja. Ziliwekwa kwa ajili ya sauti. Sauti ya mtu kwenye simu hutumia masafa ya chini tu, hadi kama kilohezi 4. Juu ya hapo waya ulikuwa mtupu. Teknolojia ya ADSL ilikuja kuitumia nafasi hiyo iliyobaki: simu ikapita chini, intaneti ikapita juu, kwa wakati mmoja. Kile kiboksi cheupe tulichochomeka ukutani kati ya simu na modemu kilikuwa kichujio cha kuzitenganisha, usije ukasikia mvumo wa intaneti masikioni ukiongea.

Kwa hiyo intaneti ya aina hiyo iliuhitaji waya. Huduma ya simu, yaani namba na mlio wa kupigia, haikuihitaji. Tatizo lilikuwa kwenye biashara. Huduma nyingi za intaneti zilisajiliwa juu ya laini ya simu iliyo hai, hivyo mteja alitakiwa awe na simu kwanza ndipo aongezewe intaneti. Waya wenyewe uko mikononi mwa Openreach, tawi la kampuni ya simu ya BT lililoundwa mwaka 2006 ili kampuni nyingine nazo ziweze kuukodi kwa masharti sawa. Sehemu kubwa ya majina yanayouza intaneti Uingereza hupita kwenye nyaya hizo.

Wakati ule hatukunung'unika sana, maana simu ya mezani ilikuwa na kazi. Tulinunua kadi za kupigia simu nje kwenye maduka ya pembeni, tukakwangua namba ya siri, tukapiga Tanga, Mombasa au Bujumbura kwa bei ambayo simu ya mkononi isingetupa. Simu za intaneti zilipoenea, kazi hiyo ikaisha. Bili ikabaki.

Tangazo lilisema bure

Katikati ya mwaka 2016, kodi ya laini ya BT ilipanda na kufika pauni 18.99 kwa mwezi. Katika kipindi hicho matangazo ya kampuni mbalimbali yalitaja intaneti kwa pauni chache, au bure kabisa, huku kodi ya laini ikiandikwa kwa herufi ndogo chini. Mamlaka ya viwango vya matangazo, ASA, ilifanya utafiti pamoja na Ofcom, msimamizi wa mawasiliano. Kati ya watu walioonyeshwa matangazo hayo, ni asilimia 23 tu walioweza kutaja kwa usahihi jumla ya gharama ya mwezi baada ya kuyatazama mara ya kwanza. Hao walikuwa watu wanaoishi ndani ya lugha ya Kiingereza. Fikiria mgeni aliyeshuka majuzi kutoka Kigoma.

Kuanzia mwisho wa Oktoba 2016, matangazo yalitakiwa yatoe bei moja yenye kila kitu ndani. Mwaka uliofuata Ofcom ikaibana BT kuhusu wateja waliokuwa na simu peke yake bila intaneti, wengi wao wazee. BT ikakubali kuwapunguzia pauni 7 kwa mwezi kuanzia Aprili 2018, kutoka 18.99 hadi 11.99. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba bei hizi hubadilika pale watu wanapouliza maswali.

Njia zilizopo leo

Njia ya kwanza ni faiba inayoingia hadi ndani ya nyumba. Uzi wa kioo unabeba mwanga, haugusi shaba, na hauna haja ya laini ya zamani. Zaidi ya nusu ya nyumba za Uingereza sasa zinaweza kuunganishwa hivyo. Ya pili ni kebo ya Virgin Media, ambayo ni mtandao wake wenyewe na imekuwa ikiuzwa bila simu. Ya tatu ni ruta inayotumia laini ya simu ya mkononi, 4G au 5G, inayowafaa waliopanga na wanaohama mara kwa mara, mradi mawimbi yawe mazuri mtaani.

Ya nne ndiyo inayowachanganya wengi. Kuna nyumba ambako faiba inafika kwenye kabati la kijani lililo kando ya barabara, kisha shaba inamalizia safari. Huko waya wa simu bado unatumika, lakini unaweza kuununua kwa intaneti tu, bila huduma ya simu juu yake. Na tangu Septemba 2023 Openreach imeacha kuuza laini mpya za simu za mtindo wa zamani nchi nzima. Kampuni ikikwambia leo kwamba lazima ufungue laini ya simu ndipo upate intaneti, omba iandikwe, kisha uulize kwingine.

Usitarajie, hata hivyo, kwamba bili itashuka kwa kiasi chote cha kodi ya laini ya zamani. Waya au faiba lazima itunzwe, na gharama hiyo sasa imo ndani ya bei ya intaneti. Wengi huokoa pauni chache tu. Tena kuna vifurushi ambavyo simu imo ndani na bei ni ileile. Linganisha jumla ya mwezi na urefu wa mkataba, usilinganishe mstari mmoja mmoja.

Kabla hujakata

Angalia kwanza tarehe ya mwisho wa mkataba. Ukivunja kabla ya hapo, utatozwa.

Pili, amua kuhusu namba. Kama ndiyo iliyo kwa daktari, benki au shuleni, sema unataka kuihamisha kabla laini haijafungwa. Laini ikifungwa kwanza, huenda namba isirudi. Nimewaona watu wakilia kwa namba waliyokuwa nayo tangu watoto wadogo.

Tatu, na hili ndilo zito, angalia ni kifaa gani kingine kimechomekwa kwenye laini hiyo. Wazee na wagonjwa wengi huvaa shingoni kidude chenye kitufe cha kuita msaada. Wanaotumia huduma za namna hiyo Uingereza wanakadiriwa kuwa milioni 1.8, na vifaa vya wengi hupiga kupitia laini ya simu. Bibi wa Pangani alikuwa nacho. Tulipiga kwanza kwa wanaoendesha huduma yake, wakaja kumwekea kingine kinachotumia mtandao wa simu ya mkononi, wakakijaribu mbele yetu, ndipo tukaigusa laini.

Hata asiyekata atafikiwa na mabadiliko haya, kwa kuwa mtandao wa simu wa zamani utazimwa ifikapo mwisho wa Januari 2027. Awali ilipangwa Desemba 2025. Tarehe ikasogezwa, sababu kubwa ikiwa usalama wa wanaovaa vifaa hivyo. Baada ya hapo simu ya mezani itachomekwa nyuma ya ruta na kupita kwenye intaneti. Kwa hiyo uhusiano wa zamani umegeuka: jana intaneti ilitegemea simu, sasa simu inategemea intaneti.

Tofauti yake utaiona umeme ukikatika. Simu ya zamani ilipata umeme kutoka kituoni kupitia waya uleule, hivyo iliendelea kufanya kazi gizani. Ruta huzimika. Ofcom inazitaka kampuni zimpe anayetegemea simu ya mezani, bila malipo, njia ya kupiga namba ya dharura 999 kwa angalau saa moja umeme unapokatika, kama vile betri ya akiba. Njia hiyo ni haki ya mzee wako kama anategemea simu ya mezani. Iombe kwa jina lake, na usikubali kuambiwa anunue.

Nyumbani Afrika Mashariki wengi wamelipita jambo hili la simu ya mezani bila kulijua. Laini za mezani zilikuwa chache, na baada ya mkongo wa intaneti wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, wengi waliingia kwenye intaneti kwa simu ya mkononi moja kwa moja. Anayewekewa faiba Nairobi leo haulizwi habari za laini ya simu. Ndiyo maana mgeni akifika Uingereza na kukuta mstari huo kwenye bili, hudhani ni sheria ya nchi, akalipa.

Si sheria. Ni mpangilio wa biashara uliokuwa na sababu zake, na sababu hizo zinaisha. Basi wiki hii mpigie mama, shangazi au jirani mzee, umwombe bili yake. Msomee mstari kwa mstari kwa Kiswahili, mpaka ajue kila pauni inalipia nini. Akiamua kubaki na simu yake, abaki nayo kwa kuelewa. Akiamua kuikata, hakikisha kitufe cha shingoni kinafanya kazi kwanza.