Bowa si majani: juu ya nini inapotea pamoja na miti

Mvua ikikolea, kuanzia mwezi wa 12, bamama wanapanga bowa kando ya barabara za kutoka Lubumbashi: za njano, za rangi ya machungwa, zingine nyeupe, pana kama mwavuli. Pembeni kuko beseni la sombe. Sisi wengi tunasema vyote ni mboga, vyote vinaota udongoni. Angalia rangi kwanza.

Sombe ni kijani kwa sababu ya kloroplasti, vijichumba vidogo sana ndani ya seli za jani. Humo mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni vinageuka sukari. Lengalenga inavyo, muhindi unavyo, hata ule ukijani unaoteleza kwenye dimbwi. Bowa haina hata kimoja. Mtu na mbuzi vilevile: lazima tule.

Sasa bowa inakula wapi? Zile pana za kwenye kichuguu zinalishwa na mchwa, wanaoingiza majani na miti mikavu. Lakini zile za njano (Cantharellus) zimeshikana na mizizi ya miombo iliyo hai. Mti unatoa sukari. Bowa inauletea maji na chumvi za udongo. Mti ukikatwa kwa makala, bowa yake inakosa chakula, hata mvua ikiwa nzuri. Na mchoma makala na muuza bowa pengine wanalala nyumba moja!

Visiki vya miombo huchipua. Vikiachwa bila moto na shoka, majani yanarudi, na sukari inaanza tena kushuka mizizini.