Fahamu: Moyo unaposhindwa kazi, nani yuko hatarini zaidi?

Mgonjwa analala kwa mito mitatu ili apate pumzi. Ukibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, shimo linabaki. Mjini Bagamoyo wapo watakaosema amerogwa. Mara nyingi ni moyo uliochoka kusukuma damu.

Chanzo ni nini?
Watafiti wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, waliwafuatilia wagonjwa 427 kuanzia 2012, na matokeo yakachapishwa 2014. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu. Kwa asilimia 45, chanzo kilikuwa shinikizo la juu la damu.

Dalili za hatari ni zipi?
Waliokuwa na upungufu wa damu, mapigo ya moyo yaliyovurugika au figo dhaifu walikufa zaidi. Hata kukosa elimu kuliongeza hatari. Kwa hiyo kipimo cha wingi wa damu, ambacho ni cha bei nafuu, kinaweza kumwonyesha daktari nani wa kuangaliwa kwa karibu.

Dawa zinasaidia?
Ndiyo. Utafiti wa kimataifa wa 1999 ulionyesha kuwa spironolactone, dawa ya zamani, ilipunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wagonjwa ambao moyo wao ulikuwa umeshindwa kazi kwa kiwango kikubwa. Dapagliflozin, iliyoanza kama dawa ya kisukari, nayo ilithibitika 2019 kuwasaidia wagonjwa hawa.

Ufanye nini?
Punguza ng'onda na chumvi. Jipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, nenda hospitali. Na usiache dawa kwa sababu umepata nafuu.