Una mimba Dzaleka? Haya ndiyo unayohitaji kujua

Wanawake wengi kambini husubiri hadi tumbo lionekane ndipo waende kliniki. Wengine huogopa kwa sababu hawajui Kichewa, au wanafikiri watatakiwa kulipa. Kituo cha afya cha Dzaleka ni cha serikali. Kinahudumia wakimbizi na wanavijiji wa jirani hapa wilayani Dowa, na kliniki ya wajawazito ni bure.

Niende kliniki lini?

Mara tu unapojua una mimba, kabla ya kumaliza miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8 hadi ajifungue. Utapimwa shinikizo la damu, wingi wa damu, kaswende na VVU. Ukikutwa na VVU, usikate tamaa: tangu 2011 Malawi huwaanzishia dawa wajawazito wote wenye VVU, na dawa hizo humkinga mtoto. Tunza kitabu chako cha kliniki na uje nacho kila mara.

Dawa ninazopewa ni za nini?

Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi huongeza damu. Meza kimoja kila siku. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni kawaida. Usivimeze kwa chai, kwani chai huzuia mwili kupokea madini hayo.

Dawa ya SP huzuia malaria. Huanza kutolewa mwezi wa nne, na dozi hupishana kwa mwezi mmoja au zaidi. Mwambie mkunga dawa nyingine zote unazotumia, hasa kama unatumia za VVU. Lala ndani ya chandarua kila usiku.

Nile nini wakati chakula ni kidogo?

Ugali peke yake hautoshi. Ongeza maharage, karanga, usipa, lengalenga, sombe au majani ya maboga. Yai ukilipata ni bora zaidi. Kula embe, papai au chungwa pamoja na mboga ili mwili upate chuma zaidi. Acha kula udongo, maana unaweza kupunguza damu na kuleta minyoo. Pombe ya aina yoyote, pamoja na kachasu, humdhuru mtoto, na sigara pia.

Na kazi za nyumbani?

Kutembea na kazi nyepesi ni nzuri. Ndoo kubwa za maji na mizigo mizito wabebe baba na watoto wakubwa. Kuanzia mwezi wa saba, lala kwa ubavu badala ya chali.

Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu

Usizinywe. Hakuna anayejua kipimo chake, na zinaweza kukaza tumbo la uzazi kupita kiasi hadi lipasuke au mtoto akose hewa.

Dalili za hatari: usisubiri kesho

Nenda kituoni mara moja, hata usiku, ukiona:
- damu ukeni
- kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu
- uso na mikono kuvimba
- degedege
- homa
- maumivu makali ya tumbo
- maji kutoka kabla ya wakati
- mtoto kupunguza au kuacha kucheza

Kichwa na macho vinaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Kituo kikishindwa, utapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya Dowa au Lilongwe, umbali wa takriban kilomita 40. Kwa hiyo kubalianeni mapema nyumbani: nani atakusindikiza, nani atabaki na watoto, na nauli iwekwe wapi.

Kama hujui Kichewa, jifunze maneno haya:
- Ndine woyembekezera: nina mimba
- Ndikutaya magazi: natoka damu
- Mutu ukundipweteka kwambiri: kichwa kinaniuma sana
- Mwana sakusuntha: mtoto hachezi

Unaweza pia kwenda na jirani akutafsirie. Akina baba, someni orodha hii pamoja na wake zenu. Siku ya hatari, huenda wewe ndiye utakayezungumza kwa niaba yake.